Nilimpa Mama Salamu za Marehemu

Nimekosa. Nalisema hilo mapema ili msije mkadhani natafuta mtu wa kunionea huruma. Vita vilimuua mdogo wangu, hapo sina hatia. Lakini kilichowapata waliobaki nilikifanya mimi, tena kwa mdomo tu!

Majina nimeyabadilisha. Sisi ni watu wa jembe, huku Kasongo, kwenye njia inayokwenda Kabambare. Mdogo wangu nitamwita Lubunga, kitinda mimba wa mama yetu. Kabla ya kuingia jeshini alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa na ugonjwa mmoja: akianza kusimulia jambo la kuchekesha, anacheka yeye kwanza mpaka hadithi inampotea, nasi tunacheka bila kujua tunacheka nini.

Walipompeleka vitani Kivu, alituachia mkewe Sifa, Mubangubangu wa Kabambare, na binti yao Feza, ambaye alikuwa bado ananyonya.

Simu nyumbani ilikuwa moja, nayo ilikuwa yangu. Kwetu rezo, mtandao wa simu, inapatikana juu ya kichuguu mwishoni mwa shamba la mpunga. Kila Jumamosi tulipanda pale wote kama mbuzi, Mama, Sifa, mimi na mtoto mgongoni, tukamngoja Lubunga apige.

Siku ile haikuwa Jumamosi. Nilikuwa peke yangu nakata mpunga karibu na kichuguu. Simu ikalia, sauti ya mwanamume nisiyemjua, anamtafuta dada mkubwa wa Lubunga.

"Wewe iko yaya wa Lubunga?"

"Njo mimi."

"Ikala chini kwanza, yaya."

Sikukaa. Akaniambia bomu liliwaangukia asubuhi, na Lubunga hakuchukua hata dakika. Wamemzika kulekule, kwenye kilima. Alikuwa askari mwenzake, na alikuwa akilia huku anaongea. "Uambie mama yake," akasema. "Uambie na bibi yake, Sifa. Tuliahidiana vile."

Nikaitika. Nilisema ndiyo, jamani! Kwa mdomo huu huu!

Mama wakati ule alikuwa amelazwa hospitali, tansio, yaani presha, imempanda hadi mdomo umeanza kupinda. Muuguzi alikuwa ametukataza kumpelekea maneno mazito. Nikajiambia, ngoja atoke kwanza. Nikalilia kilio changu palepale kwenye mpunga, nikanawa uso, nikarudi nyumbani nikasonga bukari, ugali wetu. Sifa akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia moshi.

Juma lililofuata Mama akarudi. Hata hajaketi vizuri, swali lake la kwanza: "Lubunga alipiga?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno, naapa. Nilikuwa nimekwenda kumwita pasta awe karibu. Lakini Mama alinitazama na ule mdomo wake uliopinda, nami nikasikia sauti yangu inasema: "Alipiga, Mama. Anakusalimia sana."

Akacheka! Akaomba sombe, kisamvu chetu, akala sahani nzima, yeye aliyekuwa hashiki hata kijiko. Pasta alipofika, nikamwambia nimemwita aje kumwombea mgonjwa.

Basi ndivyo ilivyoanza. Jumamosi moja ikazaa nyingine. Nikasema wamemhamisha mahali pasipo na rezo, ananipigia kwa bahati tu, mimi nikiwa shambani. Kila nilipoona Mama amekunja uso, nilimletea salamu. Lubunga amenenepa. Lubunga anauliza kama mbuzi wake amezaa. Niliongea kwa niaba ya maiti mpaka nikaizoea kazi hiyo.

Mama alidanganyika kwa furaha. Lakini Sifa!

"Yaya, na mimi hakuniuliza?"

"Alikuuliza."

"Alisema nini?"

Nikababaika. Ya Mama yalinijia mdomoni yenyewe. Maneno ya mume kwa mkewe nitayatoa wapi? Akaanza kwenda peke yake kwenye kichuguu na simu ya kuazima, anapiga namba ya mumewe. Imefungwa. Kesho imefungwa. Mwezi, miezi, mwaka mzima, imefungwa, na kumbe mimi juzi tu nimemletea Mama salamu.

Siku moja alinifuata mtoni nikilowesha muhogo. Akasimama ndani ya maji.

"Uniambie tu ukweli, yaya. Iko na bibi mwingine kule, si ni vile? Njo maana anaongea na nyinyi, mimi hapana."

Ilikuwa nafasi yangu. Hakukuwa na mtu mwingine pale. Nikainama nikaendelea kupanga muhogo. Naye akakichukua kimya changu kuwa ndiyo. Nilimwona anavyokichukua! Nikamwacha aende nacho.

Tangu siku ile Sifa hakupanda tena kichuguuni. Mwaka wa pili, akaja mwanamume mmoja kutoka Salamabila, mchimba dhahabu, aliyefika huku kutafuta mchele wa kulisha wenzake. Alimsemesha vizuri, naye Sifa hakuwa amesemeshwa vizuri siku nyingi. Sifa akashika mimba.

Baba zetu wadogo wakaketi. Wakamwita malaya mbele ya watu: mume yuko vitani anamwaga damu, wewe unafungua mlango! Mama akatema mate chini. Kisha wakanigeukia mimi, mtoto mkubwa wa nyumba. "Wewe unasemaje?"

Mimi peke yangu katika lile baraza nilijua kwamba mwanamke yule hakuwa amemkosea mtu. Alikuwa mjane. Alikuwa huru kuliko sisi wote. Lakini kumtetea ni kufungua yote.

Nikasema, "Atoke."

Wakamtoa Feza mikononi mwake, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Wakampandisha kwenye pikipiki ya kwenda Salamabila na tumbo lake na furushi moja la nguo. Hakutukana. Alisema neno moja tu kabla moto, ile pikipiki, haijaondoka: "Siku bwana wangu atarudi, mumuambie nililia."

Eh Mungu wangu! Mpaka leo nikiosha vyombo nalisikia.

Haikupita miezi mitatu, akaja yule askari aliyenipigia simu. Mguu mmoja haupo, anatembelea magongo. Alikuwa ametunza kwenye plastiki picha ya Feza, ile Lubunga aliyokuwa akitembea nayo. Akaingia uani, akamshika Mama mikono miwili.

"Pole ya mutoto, mama. Unisamehe, nilichelewa kufika."

Mama akatabasamu. "Pole ya nini? Mutoto wangu iko muzima. Anatusalimia kila juma."

Yule kijana akageuka polepole, akanitazama. "Yaya, si nilikuambia?"

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Aliichukua ile picha, akaishika kwa muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu:

"Zile salamu zilikuwa za nani?"



Tukaweka matanga bila maiti. Kanisani wakasoma jina lake, watu wakasimama. Mama alikataa nikae kwenye mkeka wa wafiwa. Nilikaa nyuma, na majirani waliokuja kwa chakula. Toka hapo hakula tena kutoka mkononi mwangu. Alikufa kabla mpunga mwingine haujaiva, na wala hakuniita.

Baada ya kumzika nikamchukua Feza, nikapanda moto hadi Salamabila, siku mbili za matope. Nilimkuta Sifa karibu na machimbo, anakaanga mikate, kitoto kingine mgongoni. Yule mwanamume alishakwenda zake. Nilipiga magoti kwenye tope nikamweleza yote, tangu ile simu.

Alisikiliza bila kuacha kugeuza mikate yake. Mwishoni akasema, "Kumbe nilikuwa mujane." Akageuza mkate mwingine. "Nililia kama mwanamuke aliyetupwa. Hamukuniacha hata nimulilie bwana wangu."

Feza alikuwa amejificha nyuma ya kitenge changu. Alikuwa akiniita mama. Nikamsukuma mbele taratibu, Sifa akaacha mikate ikaungua, akamshika. Mtoto akapiga mayowe ananitaka mimi.

"Nenda," Sifa akaniambia. "Atazoea. Wewe usirudi huku."

Nikarudi peke yangu. Nyumba ina vyumba vitatu, nalala kimoja, vingine naweka mpunga.

Nyinyi wenye simu mikononi katika nyakati hizi za vita, nawasihi: mkipokea habari kama ile, msiikalie. Hata kama mama ni mgonjwa, tafuteni mtu wa kumshika, halafu semeni. Niliita uongo wangu huruma, na ulikuwa woga. Waacheni watu walie siku yao. Msiba ukifichwa haufi, unatafuta tu mtu asiye na hatia wa kumwangukia.