Mwizi wa Tangi Lisilo na Samaki

Kila nilipotia kitoweo kwenye lile tangi, asubuhi nilikuta hakipo.

Na tangi lenyewe halikuwa na samaki hata mmoja.

Usicheke. Wa nyumbani kwangu walicheka, na nusura wanihamishe kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono hii.

Mimi ni fundi mstaafu wa kuchomelea vyuma. Elimu yangu niliipata shule ya jioni, macho yakiwa bado yanawasha kwa cheche za mchana. Kwa hiyo nilipoamua kufuga samaki wa baharini sebuleni, sikukurupuka. Nilisoma.

Kitabu kilisema: samaki huja mwisho.

Kwanza unakoroga maji na chumvi ya bahari. Unapanga mawe yaliyotolewa baharini. Unawasha pampu. Kisha unatia kamba mbichi, yule wa kuliwa, si ile ya kufungia mzigo, na kumwacha aoze.

Akioza analeta sumu, amonia. Sumu ndiyo chakula cha vijidudu visivyoonekana. Vikishazaana vya kutosha, vinaila sumu yote, na hapo tangi limeiva. Ukiharakisha samaki, unazika.

Basi nikatia kamba. Kesho yake, hayupo.

Nikatia mwingine. Hayupo.

Nikapima maji. Sumu ikiwepo, kipimo hugeuka kijani. Kikabaki manjano. Vijidudu vyangu vilikuwa vinakufa njaa.

Hapa pana mkono wa mtu, nikasema moyoni.

Mke wangu nilimwondoa kwenye washukiwa mapema. Yeye akichukia kitu hukitupa mbele yako, hangoji usinzie.

Akabaki mkwe wangu. Yeye na binti yangu walihamia kwetu "kwa muda," ule muda usio na kalenda. Ndiye aliyeziba pua siku ya kwanza. Ndiye anayeingia ndani wa mwisho. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamkabili mezani.

"Mkwe, unajua lolote kuhusu chakula cha kwenye tangi?"

Akaweka kijiko chini. "Chakula cha nani, Baba?"

"Cha tangi."

"Si halina samaki?"

"Halina."

"Sasa analishwa nani?"

"Vijidudu. Havionekani."

Akamtazama binti yangu. Binti yangu akatazama sahani.

Baadaye, nikipita karibu na jikoni, nikamsikia mkwe: "Mzee mtandao umeanza kukata. Analisha visivyoonekana, halafu anadai anaibiwa."

"Usimseme hivyo baba yangu," binti akamkatiza. Kisha akashusha sauti. "Nimeongea na kaka. Jumapili anakuja kumchukua. Akakae kwake, apate wa kumwangalia."

Kumchukua! Kama kabati.

Nikaona picha nzima. Kamba anaibwa, mzee anaonekana chizi, mzee anaondoka, watu wanajinafasi sebuleni. Mpango umesukwa ukasukika.

Jumapili mwanangu mkubwa akafika. Tukakaa kikao, mke wangu pembeni yangu, mikono mapajani.

"Baba, hatukufukuzi," mwanangu akaanza.

Maneno ya anayekufukuza.

"Siondoki," nikasema. "Akili yangu ni timamu. Humu ndani kuna mwizi."

Mkwe akasimama. "Samahani, Baba. Hili tangi tulitoe tu, labda moyo wako utatulia. Tazama mwenyewe, hamna kitu humu."

Akakunja mkono wa shati, akatumbukiza mkono, akalishika jiwe kubwa kwa chini, akalinyanyua.

"Mama wee!"

Jiwe likaanguka, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya mwanangu.

"Kuna mtu! Kuna mtu humu ndani!"

"Mkwe," nikamuuliza, "mtandao vipi?"

Alipotoa mkono, kidoleni alikuwa amening'inia kaa wa baharini, mnene, amebana kama kufuli. Alikuja na jiwe tangu dukani, kajificha tunduni. Giza likiingia anatoka, anakula kamba wangu, anarudi kulala. Mpangaji asiye na mkataba!

Binti yangu alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa ya kweli. "Baba, nisamehe." Mwanangu alitafuta funguo za gari mifukoni kote, nazo ziko mkononi mwake.

Mkwe nilimfunga kidole mwenyewe. Radhi kwa maneno sikumwomba, lakini nilimfunga vizuri.

Tulipobaki wawili, mke wangu akasema, "Ana nguvu yule kaa. Mkono mmoja tu unaburuta kamba mzima."

Nikageuka. "Umejuaje?"

"Nimemwona. Mara nyingi tu, nikiamka alfajiri kuchemsha maji."

"Yaani umenitazama naitwa chizi, ukanyamaza?"

"Ningesema nini, baba watoto? Wewe kusema kuna visivyoonekana, wanakuhamisha. Na mimi niseme nimeona mkono unatoka kwenye jiwe? Wangetubeba wote wawili. Nyumba ingebaki na nani?"

Hilo shule ya jioni hawakutufundisha.

Kaa nimempa beseni lake. Kipimo kimegeuka kijani. Sijawahi kufurahia sumu namna hii.

Wenzangu, nyumba ambamo msema kweli mmoja anaitwa chizi, waliobaki hujifunza kufumba macho. Mzee wako akikuambia jambo la ajabu, kabla hujaitisha kikao, vuta kiti, kaa naye, mlitazame pamoja.