Kijiti Kwenye Kofia ya Mjomba

Bunduki ya mjomba ilikuwa ya zamani ya jeshi la Sweden, nzito, kitako cha mbao kimejaa michubuko. Wenzake katika kikundi cha uwindaji, Waswidi wenye bunduki za darubini, hawakuchoka kumtania.

"Hiyo ilipigana vita gani?"

"Haijapigana vita vyovyote," mjomba alijibu. "Ndiyo maana bado ina nguvu."

Alicheka nao, ila nilijua yanamchoma. Misimu mitatu alikuwa hajapata hata sungura.

Nilipofaulu mtihani wa uwindaji akaanza kunichukua mimi, binti wa dada yake, kwenye misitu ya huko Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm. Mimi darasani nikiulizwa swali mdomo unakauka, lakini msituni kunyamaza ni sifa. Alinifundisha kwamba bunduki ile ilitengenezewa shabaha ya mbali, kwa hiyo mnyama akiwa karibu risasi hupita juu. Lenga chini, chini kuliko unavyodhani.

Asubuhi moja ya Oktoba tulikaa mahali petu pa kuvizia, yeye nyuma yangu akinisimamia. Mbwa walibweka ng'ambo ya kijito. Kulungu mdogo akatokea, akasimama hatua kama arobaini. Nililenga pale mguu unapokutana na kifua, nikafyatua. Akaanguka palepale.

"Umeua, mama," mjomba alininong'oneza. "Wewe umeua." Nikalia, sijui ni furaha au huruma. Tuliposikia wenzetu wanakuja, akaichukua bunduki aondoe risasi.

Kiongozi wa kikundi, bibi mmoja mstaafu, aliuliza nani kapiga. Aliyeua hupewa kijiti cha msonobari akichomeke kwenye kofia, na wote humshika mkono. Nilikuwa nimeshavua glavu.

"Mimi," mjomba alisema kwa Kiswidi. "Nilimlenga begani, moja kwa moja."

Wakampa mkono mmoja mmoja. Na mimi nilimpa. Hapo ndipo ninapojionea aibu mpaka leo.

Garini, tukikaribia kwetu Spånga, nilimwuliza kwa nini.

"Wewe una haya. Wangekuzunguka kukuhoji, ungetamani ardhi ikumeze. Nimekuokoa."

"Hukuniuliza."

"Nyama si tutakula wote?"

Jumapili baada ya ibada akawasimulia Wakongo wenzetu, mikono juu kama ameshika bunduki. "Na huyu binti alinishikia chai," akasema.

"Si kweli," nikasema. "Nilipiga mimi."

Nilikuwa sijawahi kusema neno mbele ya watu wale. Mjomba akacheka. "Watoto wa huku, voilà, ndivyo walivyo." Wakacheka wote, na mama pia, amesimama karibu yangu.

Nyumbani mama alikata vitunguu bila kunitazama.

"Humwaibishi mjomba wako mbele ya watu," alisema. "Hata kama ni wewe uliyepiga. Najua ni wewe, kaka yangu namfahamu."

Kwa hiyo pale kanisani alikuwa anacheka huku ananiamini.