Mpira Uliopita Ukutani

Mwaka ule baba mkwe wangu alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akilijenga. Miguu ikafa, na mkojo ukawa unatoka wenyewe bila yeye kujua. Mume wangu alikuwa mbali, Kamituga, akichimba dhahabu. Nyumbani Bagira tulibaki wawili, mimi na mzee, na kwetu mke wa mtoto hasogelei kitanda cha baba mkwe. Chakula nilikiacha kwenye kiti mlangoni, naye akakivuta kiti kwa fimbo. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini mkwe ni mkwe.

Hospitali walimpa kifuko cha mpira cha kuvaa, kinachofungwa kiunoni kwa mkanda, pamoja na mpira mrefu mwekundu wa kupeleka mkojo kwenye chupa. Mikono yake ilikuwa mizima, kwa hiyo alijivalisha mwenyewe. Chupa je, nani aimwage? Kutoka nje nilitoboa ukuta wa chumba chake kwa msumari siku mbili nzima, chini karibu na sakafu, nikapitisha mpira, na nje nikachimba shimo ili chupa ikae chini kuliko kitanda. Shuka zikakauka. Nilijisifu peke yangu, maana majirani walikuwa wameacha kupita kwa sababu ya harufu.

Baada ya wiki chupa ikawa karibu tupu, na kidogo kilichokuwamo kilikuwa cheusi kama chai iliyolala. Birika la maji nililomwekea kwenye kiti lilirudi mlangoni limejaa.

"Papa, juu ya nini haukunywa mayi?"

"Sina kiu, mama."

Mwongo! Kutoka mlangoni niliona midomo yake imepasuka. Aliona heri akauke kuliko mkojo wake kushikwa na mimi. Nilikasirika, nikaogopa, halafu nikadanganya. Nilimwambia kuna mwanaume wa hospitali atakayepita kila asubuhi kumwaga chupa. Kesho yake nikavaa viatu vya mume wangu, nikazunguka nyumba nikikanyaga kwa nguvu. Mchana birika lilirudi tupu.

Basi nikawa mwanaume wa asubuhi. Mzee akaanza hata kumwachia tumbaku kwenye kiti, nimpelekee. Niliivuta mwenyewe, kwa hasira. Kazi yangu, sifa za mtu asiyekuwepo!

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nimechuchumaa nje, chupa mkononi, mzee aliposema polepole kupitia tundu la ukuta:

"Rafiki, kesho ukuye tena. Humu nyumba hakuna muntu ananisemeshaka. Weye tu njo muntu niko naye."

Na mimi, nani alikuwa akinisemesha? Miezi mingi, hakuna. Tulitenganishwa na tofali moja tu, na nilitamani sana kumwambia, papa, ni mimi, nami niko peke yangu. Lakini ningefungua mdomo, angejua, na angeacha tena kunywa. Nilikanyaga chini mara moja kwa kiatu ili asikie, nikaenda kumwaga.