Yakoub, fundi wa intaneti aliyebaki peke yake juu ya bati

Saa tatu asubuhi jua limeshaanza kuchoma uani, na Yakoub Bakar amepiga magoti sakafuni katika nyumba moja ya Nguvumali, jijini Tanga. Anachomeka kifaa kidogo cheupe kwenye soketi ya chumba cha nyuma, kisha anasubiri taa yake iwake kijani.

Inawaka nyekundu. Anahamia soketi ya pili.

Kifaa hicho kina mwenzake sebuleni, kando ya ruta. Viwili hivyo hupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme, kwa hiyo kuta nene za nyumba za zamani hazina shida navyo. Sharti lake ni nyaya ziwe nzima, na vyumba vyote viwe vinatumia mita moja ya umeme.

"Soketi mtu mmoja anaziweza," anasema Yakoub, mwenye umri wa miaka 41. "Antena zinataka watu wawili wanaoelewana."

Antena hizo hufungwa mbili, kila moja juu ya paa lake, zikitazamana, na intaneti ikavuka kutoka nyumba hii hadi ile. Zikipishana kidogo tu, mawasiliano yanakufa. Ndiyo maana kwa miaka tisa Yakoub alipanda paa moja, na shemeji yake, Kombo, akapanda la pili, simu masikioni, wakielekezana.

Kombo, mzaliwa wa Wete, Pemba, alimwoa Maryam, mdogo wake Yakoub. Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, alitoka na pikipiki kwenda kununua tende za futari. Lori likamgonga njiani. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Tangu siku hiyo Yakoub hakupanda paa. Kila mteja alimshauri achukue vifaa vya soketi. Wenye nyumba ambazo nyaya zake zimechoka, au zenye banda la uani linalojitegemea kwa mita yake, aliwaelekeza kwa mafundi wengine. Kipato chake, anasema, kimeshuka hata chini ya nusu.

"Mke wangu alidhani naogopa kuanguka. Sikuogopa kuanguka. Sikutaka kupiga simu nikiwa kule juu, akapokea mtu mwingine."

Kazi iliyombadilisha ilitoka kwao wenyewe. Bi Mize, mama mzazi wa Kombo anayeishi Pemba, hatembei kwa maradhi ya magoti, na hakuwahi mazishi ya mwanawe. Kila jioni humpigia Maryam kwa video ili amwone mjukuu wake Tuhfa, wa miaka mitatu. Bando lilikuwa likikatika maneno yangali mdomoni.

Yakoub ana intaneti nyumbani kwake Makorora, mtaa wa pili kutoka kwa Maryam. Lakini nyumba mbili ni mita mbili. Vifaa vya soketi visingefaa. Kwa miezi kadhaa alimwambia mdogo wake avute subira, mara tangi la maji la jirani linaziba, mara upepo ni mkali. Mwishowe Maryam akamwambia kwamba upande wa pili ataushika yeye.

Mwezi uliopita walifunga antena ya Maryam kwenye bomba refu lililobanwa ukutani, ili aweze kuigeuza akiwa chini. Yakoub akapanda bati la kwake, akapiga simu.

"Kaka, imewaka taa moja tu," Maryam akasema.

Yakoub akamwambia ageuze kulia, taratibu. Kisha akaacha kuelekeza. Maryam anakumbuka kwamba alisikia pumzi tu.

"Nikamwambia, kaka, nakusikia unalia. Lia, lakini antena usiiachie," anasimulia, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Wakabaki kila mmoja kashika antena yake. Halafu Yakoub akaanza tena kumwelekeza, na taa zikawaka zote.

Jioni ile Bi Mize alizungumza na mjukuu wake mpaka mtoto akasinzia. Ndipo akamwomba Maryam amwonyeshe mlango lilikotokea jeneza la mwanawe. Maryam akainuka, akasimama na simu mbele ya mlango wa mbele. Bi Mize aliutazama. Baadaye akamshukuru mkwewe, akamtaka alale salama.

Wiki hii Yakoub amempigia mwenye nyumba ya wageni huko Mkwaja, ambaye mabanda yake yametawanyika na kila moja lina mita yake. Kazi hiyo aliwahi kuikataa. Sasa ameikubali, na Maryam atakwenda naye. Tuhfa atabaki kwa mke wa Yakoub.

Malipo yake wamekwisha kuyapangia: kumvusha Bi Mize kutoka Pemba.

"Kaburi huwezi kumwonyesha kwenye simu," anasema Yakoub, akifunga mkoba wake. "Inabidi aje mwenyewe, akae pale na mwanawe. Hatembei, najua. Tutambeba."