Dawa ya Kusafisha Tumbo

Kijiti changu cha kupanga uzazi kilitolewa katika kliniki ya mtaani, asubuhi ambayo mtaa wetu wote wa Tena haukuwa na maji. Nesi alinidunga ganzi, akapasua kidogo, akakivuta na kunionyesha: kitu chembamba, cheupe, kisichofika hata urefu wa kidole. Nilikuwa nimekaa nacho mkononi tangu binti yetu alipoanza kutembea, na sasa alikuwa ameanza shule.

"Uzazi unaweza kurudi haraka," nesi aliniambia akinifunga bandeji. "Kama hamtaki mtoto saa hii, mtumie kinga kuanzia leo."

Tulikuwa tunamtaka. Mume wangu alikuwa ameshaanza kusimama kwenye maduka ya nguo za watoto kama mtu aliyetumwa. Lakini lile neno la haraka lilinipita. Muda wote niliokuwa na kijiti sikuona siku zangu hata mara moja, na mwili uliozimwa muda mrefu namna hiyo, nilijiambia, hauwezi kuwaka kama taa. Akina mama wa ushirika wetu kanisani ndio walionikoroga zaidi. Kwao, kila mwaka wa kijiti hulipwa kwa mwaka wa kungoja, maana dawa yake hubaki kwenye damu. Mmoja alilisema hilo kwa uhakika utadhani kiwanda cha vijiti ni chake.

Mume wangu akampigia mama yake simu kumpa habari. Hilo lilikuwa kosa lake, nami sikukawia kumwambia. Mama mkwe hakungoja mwaliko. Alitoka Vihiga na basi la usiku, akaingia kwangu na kuku hai, ndizi, na mfuko wa mizizi na magome.

"Hiyo kitu ilikaa kwa mkono yako miaka yote hiyo," alisema kabla hajakaa. "Unafikiri imeenda na hiyo bandeji? Lazima tumbo isafishwe."

Nampenda mama mkwe wangu. Niliseme hili mapema, kwa sababu kuna mahali mbele msomaji atataka kumkasirikia. Nilipojifungua binti yetu, ndiye aliyenikanda, akanipikia uji na kufua nguo ambazo mama yangu mzazi, marehemu, hakuwepo kuzifua. Kwa hiyo alipowasha jiko la makaa kwenye baraza na kuanza kuchemsha, nilikunywa. Jirani wa mlango wa pili alitoa kichwa nje.

"Mama, hiyo ni nini? Inanuka mpaka kwa chai yangu."

"Ni dawa," mama mkwe alimjibu. "Ukitaka nitakuwekea."

Ilikuwa chungu, nyeusi, na ilikwaruza koo. Nilikunywa kikombe asubuhi na kingine jioni, kisha nikaenda kwenye kibanda changu sokoni Umoja, ninakoshona sare za shule. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kutapika. Harufu ya mafuta ya cherehani, ambayo nimeishi nayo tangu usichana, ilinifanya nikimbie nje. Nilipomweleza mama mkwe, alipiga makofi.

"Unaona? Inang'oa. Hiyo ni uchafu inatoka." Akaongeza mizizi kwenye sufuria.

Nami nikafurahi. Mtu aliyekwisha kuzaa, anayeijua kabisa kazi ya tumbo lake, nilitapika wiki nzima bila kujiuliza swali ambalo msichana wa sekondari angejiuliza. Siku zangu hazikuja, lakini hazikuwa zimekuja kwa miaka. Ningeshangaa nini?

Halafu Jumamosi moja mchana nikashikwa na tumbo. Nilikwenda kulala, na damu ikaanza, nyingi, yenye mabonge. Mama mkwe aliusikia mguno wangu akaja mpaka mlangoni, akasimama hapo. Kwao mama hakanyagi chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa, hata nyumba iwe inaungua. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Hakuniona mimi wala shuka.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka, mama."

"Nyingi?"

"Nyingi sana."

Akapiga vigelegele. Vilifika mpaka kwa jirani, ambaye naye aliitikia bila kujua anashangilia nini. Nikiwa nimejikunja kitandani, nilicheka kwa maumivu na kwa furaha, nikidhani mwili wangu umerudi.

Jioni damu ilikuwa haijapungua na macho yangu yalianza kuona giza. Mume wangu alirudi kutoka kazini kiwandani, akanitazama mara moja, akaniita teksi. Hospitalini walipima mkojo, wakanipiga picha ya tumbo. Daktari, mwanamke wa rika langu, alivuta kiti akakaa kabla ya kusema.

"Ulikuwa na mimba, mama. Changa. Pole, imetoka."

Nilimwambia haiwezekani, kijiti kimetoka juzi tu. Akasema inawezekana sana, wengine hushika hata kabla hawajaona damu ya kwanza. Nikamweleza kuhusu dawa. Nilitaka aseme ndiyo iliyofanya, au aseme siyo. Hakusema lolote kati ya hayo mawili. Alisema hawezi kujua imefanya nini, kwamba mimba nyingi za mwanzo hutoka zenyewe, ila nisiinywe tena, na ye yote anayetafuta mtoto asiinywe.

Mume wangu alilia kwenye teksi. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira, na sikujua niiweke wapi. Nyumbani, mama mkwe alikuwa amechinja yule kuku. Alinipakulia mchuzi kwa mikono miwili, uso umejaa furaha, na nikashindwa. Tulimwambia nilikuwa nimepungukiwa damu. Akarudi Vihiga akiwa ameridhika.

Miezi michache baadaye nilishika mimba nyingine, na mvulana akazaliwa salama. Mama mkwe aliitangaza dawa yake kanisani. Nilimsikia kwa simu akijisifu, nikaendelea kushona. Ningemnyang'anya furaha ili nipate nini?

Hapo ndipo wifi yangu, kitinda mimba wao anayekaa Dandora, alipotoa kijiti chake. Mama mkwe alinipigia nikiwa kwenye cherehani.

"Nakuja kesho na dawa," alisema. "Ile ile yako. Utanisaidia kumlazimisha, huyo ni mkaidi."

Nilitoa mguu kwenye pedali. Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na maneno ya daktari kwamba hakuna anayejua kama dawa ndiyo iliyofanya. Nilisikia kuku wake wakilia upande wa pili.

"Wewe ulijua siku hiyo?" aliuliza.

"Nilijua usiku wake."

"Na ukakula kuku yangu."

"Nilikula, mama."

Akakata simu. Kesho yake hakuja. Wifi yangu aliniambia mama yake alimpigia akamwambia aende hospitali apimwe kwanza. Kwangu simu haikulia kwa wiki kadhaa, na niliumia kuliko nilivyotarajia.

Alikuja Desemba, bila mfuko wa dawa. Hatukulizungumza jambo lile. Alikaa barazani akichambua mboga, watoto wangu wawili wakicheza miguuni pake, na jirani yule yule akasimama kumsalimia.

"Mama, huyu kijana yako amekupea wajukuu wangapi sasa?"

"Watatu," alisema.

Jirani aliwatazama watoto. "Naona wawili."

"Mmoja alitangulia," alisema mama mkwe, akaendelea kuchambua mboga.

Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la nguo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumhesabu.