Mafungu Matano ya Maneno

Wiki iliyopita mlinzi wa shule ninakofundisha aliniletea chaki zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha jafafa, lile gunia la kufungia tumbaku. Sijui alikitoa wapi. Nilipokifungua, harufu ikanijia usoni kabla sijaona chaki: utamu wa asali iliyoungulia sufuriani, na nyuma yake ukali kidogo unaowasha puani. Wanafunzi walikuwa wananisubiri. Nami nikabaki mlangoni nanusa gunia kama mbuzi aliyekuta chumvi, na niwaambie ukweli, kwa dakika nzima sikuwa mwalimu wa mtu. Nilikuwa binti wa darasa la saba, Kasokola, katikati ya miaka ya tisini, nimeketi kando ya bani la baba, vidole vinanata.

Bani ni ile nyumba ndefu ya matofali tunamokaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Majani yakishakauka hayaguswi hovyo, maana jua likipanda yanasagika mkononi. Lazima uyawahi alfajiri, yakiwa yamekunywa unyevu na kulainika. Kwa hiyo kila mwaka, ukifika wakati wa kuteua, nyumbani kwetu hakuna aliyeamshwa na jogoo. Jogoo alitukuta tumeshaketi mkekani na vibatari vyetu, mimi, wadogo zangu na Mayo, kama tunavyomwita mama sisi Wanyamwezi. Mayo alilishika jani, akaligeuza mara moja tu, akalitupa kwenye rundo lake. La chini ya mche huku, la katikati kule, la juu kule, lenye madoa peke yake. Mimi nilihitaji kuligeuza mara tatu na bado nilikosea. Kisha alikusanya majani ya aina moja, akayashika vikonyo, akavizungushia jani lililokunjwa na kulichomeka ncha katikati. Hilo ndilo fungu. Mafungu yalipangwa ndani ya boksi la mbao, yakashindiliwa, yakashonewa jafafa, likawa robota.

Mwaka ule nilikuwa na adui, na adui yangu alikuwa kitenzi cha Kiingereza. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa miezi michache mbele, na nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno, za wasichana ndiyo usiseme. Hesabu niliziweza. Kiswahili niliona kama napendelewa kwa kupewa maksi bila jasho. Lakini Kiingereza! Mwalimu Ferdinandi, mtu wa Karema aliyelelewa karibu na wamisionari, alituandikia ubaoni neno moja fupi, "get", kisha akaanza kushuka nalo: ukiamka ni "get", ukipata barua ni "get", ukifika nyumbani ni "get", ukipona homa ni "get", ukielewa hesabu, ukiolewa, ukilowa mvua, ukizeeka, yote "get". Nilikasirika kabisa. Niliona ni uvivu wa watu wenye lugha yao. Sisi tuna neno la kuamka na neno la kupona, na kila moja linakaa kwake. Wao wamempa mtu mmoja kazi za kijiji kizima, halafu mtihani unaniuliza mimi leo yuko wapi.

Nikafikiri labda "take" atakuwa na adabu. Hakuwa nayo. Unachukua kitabu, unakunywa dawa, unapanda basi, unapiga picha, unafanya mtihani wenyewe, kote yumo. Na "run" ndiye aliyenimaliza, maana mto nao unakimbia, pua inakimbia, na mwenye duka analikimbiza duka lake. Tulipodhani tumeelewa kwamba neno moja lina maana nyingi, Mwalimu akageuza shati, akaleta maana moja yenye maneno mengi. Kuangalia tu, kule kuangalia kwetu kwa macho haya haya, kulikuwa na "look", "watch", "see", "stare", "notice", na ukikosea moja unakatwa maksi.

"Msikiulize kitenzi maana yake," alituambia Mwalimu. "Tazameni kimekaa na nani. Jirani yake ndiye atakayewaambia."

Kamusi ilikuwa moja shule nzima, inakaa kabatini, na ufunguo unakaa mfukoni kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Ferdinandi akatushauri tujitengenezee vipande vya karatasi: upande huu sentensi ya Kiingereza, upande huu Kiswahili chake. Karatasi sikuwa nayo. Nikaomba mifuko mitupu ya saruji kwa fundi aliyekuwa anajenga zahanati, nikaipangusa, nikachukua ile karatasi ya ndani ya kaki na kuikata vipande virefu kama kiganja. Hapa ndipo baba alipoingia.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache; hata Kiswahili alikitumia kwa kubana, kama chumvi ya kununua. Kiingereza hakujua hata salamu. Sifa yake pale kijijini ilikuwa moja: tangu aanze kulima tumbaku, robota lake halijawahi kurudishwa sokoni. Karani wa chama cha msingi cha ushirika alikuwa akiwaambia wenzake wakamtazame anavyofunga. Sasa, tumbaku ikiuzwa tu, huanza kazi ya vitalu vya miche, kumwagilia asubuhi na jioni, na ndoo zile zilikuwa za kwangu toka nikiwa la nne. Mayo alimwomba aniachie nisome mpaka mtihani upite. Alifikiri siku mbili ndipo akajibu.

"Sawa. Lakini tumbaku isiharibike kwa ajili ya makaratasi. Ikiharibika, unarudi kwenye ndoo."

Nilijua maana yake. Mtoto wa ndoo hakuwahi kufaulu Kasokola. Rafiki yangu mmoja wa jirani alikuwa wa ndoo, na wakati ule alikuwa ameshachumbiwa.

Nikaanza kusoma mkekani huku nateua. Mwanzoni nilirundika vipande vyangu ovyo, na sikushika kitu. Mayo akavitazama asubuhi moja, yeye ambaye hata herufi zilimpa shida, akauliza kwa nini nimechanganya. Nikamwambia haya yote ni neno moja. Akacheka. Akaniambia hata haya majani yametoka mche mmoja, ila mimi nimeyaweka rundo moja lini? Basi nikakaa chini, nikavitenga vipande kama yeye anavyotenga majani, kwa kazi yake na jirani yake, na kwa mara ya kwanza vikaanza kukaa kichwani. Nilipata mafungu matano: la "get", la "take", la "run", la "make", na la wale ndugu wa kuangalia. Uzi sikuwa nao. Nikafanya walichofanya watu wote niliowajua. Nikavishika ncha, nikavizungushia jani la tumbaku lililokunjwa, nikachomeka katikati. Yalipendeza kweli. Nikayaweka kando ya goti langu.

Karatasi ya kaki, iliyofungwa kwa jani, kwenye mwanga wa kibatari. Sidhani nahitaji kuwaeleza zaidi.

Nilipoyakosa nilidhani mbuzi wameyala. Nilitafuta kimya kimya siku tatu, nikachungulia hadi kwenye zizi, sikuthubutu kumuuliza mtu. Jumamosi ikawa siku ya soko, nami nikaenda na baba.

Soko lilikuwa kwenye ghala la chama, marobota yamepangwa mistari, kila mkulima kasimama nyuma ya yake kashika kofia. Mteuzi, yule bwana anayepanga madaraja, alikuwa mgeni aliyekuja na gari. Alipita haraka, karani nyuma yake anaandika. Haangalii majani ya juu. Anapitisha mkono hadi katikati ya robota, anachomoa fungu moja, anakunjua, ananusa, anataja daraja, anasogea. Baba alikuwa na marobota saba. Kwenye la kwanza mteuzi akachomoa fungu, akalikunjua, hakulinusa.

"Nini hii?" akasema. Akapitisha mkono tena, akatoa la pili.

Kitu chochote kisicho tumbaku ndani ya robota, hata unyuzi au unyoya, ni kosa kubwa. Kila mtu pale alilijua hilo. Mteuzi akainua kipande kwenye mwanga na kusoma kwa sauti, kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba bibi yangu amepona, kwamba tulifika nyumbani, kwamba amkeni nyie watoto. Ghala zima likaangua kicheko. Mtu mmoja akasema kumbe tumbaku ya huyu mzee imesomeshwa! Baba hakucheka. Alikuwa anaangalia robota lake lililofunuliwa.

"Nani kaandika?" akauliza mteuzi.

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Baba akageuka.

"Yako mangapi?"

"Mafungu matano, baba."

Akayatazama yale mawili mkononi mwa mteuzi. Kisha akamgeukia mteuzi. "Hayo maneno," akasema, "yako sawa?"

"Mzee?"

"Nauliza yako sawa, au kakosea?"

Mteuzi alionekana kama hajawahi kuulizwa swali gumu hivyo kazini. Akavipitia vile vipande kimoja kimoja, akatoa kalamu, akasahihisha kimoja. "Haya ni daraja la kwanza," akasema. "Lililoharibika ni robota."

Watu wakacheka tena, na hapo nikashindwa. Nikatoka mbio nikajificha nyuma ya ghala, nikalia hadi kwikwi. Sikulilia aibu. Nililia ndoo. Nilipochungulia, wanaume walikuwa wanapakia marobota ya baba kwenye mkokoteni wa ng'ombe, yote saba, na nikaelewa kwamba nimemrudishia baba msimu mzima.

Asubuhi tatu zilizofuata tulifungua marobota. Baba mwenyewe alikata nyuzi, akatoa fungu kwa fungu, akalikagua kwa vidole na kulipanga upya. Hakuna aliyetaja shule. Nilifanya kazi bila kuinua macho, nikisubiri neno "ndoo" litoke. Fungu la "make" lilikuwa kwenye robota la pili. La "run" lilikuwa kwenye la tano. Kwenye la saba, karibu na mwisho kabisa, mkono wa baba ukatoka na fungu la kaki. Akalipangusa kwenye shati lake, akalitazama pande zote mbili kana kwamba atalisoma, akanipa.

"Yametimia?"

"Ndiyo, baba."

"Kasome."

Nikafikiri amenisamehe, nikashukuru Mungu, nikasoma kama mtu anayefukuzwa. Tumbaku ile iliuzwa wiki tatu baadaye, imepoteza rangi, na marobota mengi yakashushwa madaraja. Baba hakunung'unika mbele yangu. Januari majina yalipofika, Mwalimu Ferdinandi alikuja nyumbani kwa baiskeli anapiga kengele njia nzima, na mwezi huo huo baba alinibebea sanduku hadi stesheni ya Mpanda. Treni ilipoanza kutembea alikuwa bado ananielekeza niangalie mzigo.

Miaka mingi ilipita. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, tena wa Kiingereza, nimekuja likizo, nabangua karanga na Mayo jikoni, nikawa nawasimulia watoto wa kaka yangu kwa mbwembwe jinsi nilivyosababisha marobota saba ya babu yao kurudishwa kwa siku moja. Mayo akaacha kubangua.

"Nani kakwambia saba?"

"Si niliona yanapakiwa!"

"Lilirudishwa moja," akasema Mayo. "Yule bwana alikuwa mwema. Alisema lile moja mlirudishe, haya mengine sita nayapokea. Baba yako akakataa. Watu walimshangaa, karani mpaka akamvuta pembeni. Yeye akamjibu kwamba mtoto ana mafungu matano, hapa yapo mawili, siyauzi haya mpaka nimepata yake."

Nilisimama na karanga zangu mkononi. Kwa ujinga wangu wa kitoto nilikuwa nimeamini kwamba zile asubuhi tatu alikuwa anaisafisha tumbaku yake.

Nikatoka nje. Baba alikuwa uani anachonga mpini wa jembe, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwuliza kwa nini hakuuza yale sita siku ile, mbele ya watu wote waliokuwa wanamwambia auze. Ilibidi kwanza nimkumbushe ni siku gani. Akalijaribu jembe kwenye mpini, likakataa kuingia, akaendelea kuchonga.

"Sasa wewe ungesoma nini?" akasema.

Nilikuwa nimetembea na hadithi ya baba aliyenisamehe, nikijivuna nayo hata mbele ya wanafunzi wangu. Kumbe wakati mimi nalia nyuma ya ghala kwamba shule imekwisha, yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta ule ule, mbele ya soko zima, anakataa kuuza. Nilimpenda baba siku ile kwa namna ambayo nilipaswa kumpenda tangu nikiwa darasa la saba. Nikaketi chini karibu naye, nikamshikia mpini ili achonge vizuri.