Hulda na Kitabu cha Ubatizo

Kila mtu Mahongole alijua Hulda ni mjane. Karatasi tu ndiyo haikujua. Mumewe Danieli alikwenda Tanga kukata mkonge, na mwaka 1949 wenzake waliporudi walimletea Hulda blanketi la marehemu, basi. Msiba ukakaliwa, Hulda akanyoa nywele. Cheti cha kifo? Kingetoka wapi!

Miaka mitano baadaye Anania, seremala wa Makambako, akamchumbia. Hulda alifurahi, usiambiwe! Lakini Mchungaji akagoma kutangaza ndoa kanisani bila barua ya kifo, au neno la ndugu wa marehemu mbele ya wazee. Hulda akawaandikia wenye mashamba ya mkonge Tanga mara mbili. Wakajibu hawamjui Danieli huyo. Pengine alijiandikisha kwa jina jingine, kama wengi walivyofanya.

Akabaki Mika, mdogo wa Danieli. Huyo naye! Hulda akiolewa, nani angemlimia ulezi wake?

Siku ya kikao Mika akasimama mbele ya wazee, mkavu wa macho. "Mimi sijaona kaburi. Kaka yangu yu hai, atarudi."

Hulda akapandwa na hasira. Miaka mitano ya kumlimia mtu, halafu hivi!

"Shemeji," akasema, "kitinda mimba wako anaitwa nani?"

Mika akatazama pembeni.

"Si Danieli? Nilimpakata mwenyewe siku ya ubatizo. Baba Mchungaji, naomba kitabu."

Wazee wakatazamana. Katika ukoo ule mtoto hapewi jina la ndugu aliye hai, hata kwa mzaha. Ni kumtakia kifo. Mchungaji, aliyebatiza watoto wengi mno kuwakumbuka wote, akapekua, akavaa miwani, akasoma mwandiko wake mwenyewe:

"Danieli, mwana wa Mika. Amerithi jina la marehemu baba yake mkubwa."

Chini yake, dole gumba la Mika, wino mzito.

"Loo!" mzee mmoja akapiga paja. Wakacheka mpaka machozi. Mika akabaki anajikuna shingo.

Mchungaji akanakili maneno yale, wazee wakatia sahihi, muhuri ukagongwa. Hulda akaikunja karatasi yake, akaitia kifuani, akaenda zake akiwa ameinua kichwa. Mlangoni akageuka.

"Shemeji, karibu harusini. Na lile jembe lako, nimeliegemeza mlangoni pako tangu asubuhi."